Picha Alizopigwa Kabla Hajang'aa

Maneno haya niliyasema jijini Mbeya mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi na walimu wenzangu, baada ya kutazama pamoja filamu ya Thailand iitwayo First Love. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo? Mliotoka Rungwe na Kyela, mugonile. Mliopanda basi kutoka Njombe na Makambako kuja kuwaona watoto wenu, kamwene. Baridi ya usiku huu ni ya Julai kabisa, naona vitenge na mablanketi mpaka viti vya nyuma, kwa hiyo sitawaweka sana.

Namshukuru mwalimu mwenzangu aliyekaa karibu na skrini saa zote mbili akitutafsiria kwa mdomo. Wenye umri wangu wamekumbuka vibanda vya video, na sauti ya marehemu Derek Mukandala, yule tuliyemwita Lufufu, aliyekuwa akiwatia watu wa mbali Kiswahili chetu mdomoni hadi tukawaona ni majirani. Usiku huu Nam, yule msichana wa filamu yetu, amekuwa jirani yetu kwa njia hiyohiyo.

Nataka kuanza na kitu nilichokisikia gizani. Nam alipotokea mara ya kwanza, na weusi wake, miwani yake, nywele zake fupi, ukumbi ulicheka. Mtoto wa watu hajafungua kinywa, tayari kicheko. Sikukasirika. Filamu yenyewe ilitaka mcheke. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu kicheko kile nakijua tangu mwaka 1993.

Mwaka huo nilitoka kijijini kwetu chini ya Mlima Rungwe, kwenye migomba na chai, nikaja hapa mjini kuanza kidato cha kwanza kwenye shule ya bweni. Kwetu mvua haikauki, ngozi haijui kupasuka. Hapa nikakutana na upepo mkavu unaoshuka kutoka Mlima Loleza. Kufika Juni mashavu yamepasuka, midomo imepasuka, visigino usiseme. Mafuta ya mgando niliyopewa na mama yalikwisha kabla ya likizo. Halafu nilikuwa mweusi, mweusi wa babu yangu, na Kiswahili changu kilikuwa na Kinyakyusa ndani yake. Nikisimama kusoma kwa sauti, "habari" inatoka "habali", na darasa zima linaangua kicheko. Wakanipa jina. Waliniita Mkaa. Si adui zangu walionipa jina hilo, ni wasichana niliokula nao sahani moja, na mpaka leo tunapendana. Ndiyo maana jina lile liliingia ndani. La adui ungelitema.

Bwenini kulikuwa na kioo kimoja, kimetundikwa karibu na mlango. Nilijizoeza kupita pale nimeinamisha kichwa, kama mtu aliyeangusha sarafu. Miaka minne.

Sasa huyo Mkaa akapendwa. Siku za Jumamosi shule ya wavulana ilikuja kwetu kwa midahalo, na mimi, pamoja na "habali" zangu, nilipenda kubishana. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu, sweta limechakaa viwikoni, kila mara akipangwa upande wa pili. Sikumtazama usoni hata siku moja. Nilijua viatu vyake, nilijua anavyokohoa kabla ya kusema "Mheshimiwa mwenyekiti". Moyo wangu ulikuwa unajua siku ya Jumamosi inakuja tangu Jumatano.

Oktoba 1996, karibu na mtihani wa kidato cha nne, zikaanza kuingia kadi za sakses. Wazazi wenzangu mnazijua: ua jekundu mbele, maneno ya kukutakia mtihani mwema ndani, na kwa mwenye bahati, karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, imekunjwa mara nne, inanukia poda. Yangu ilikuwa na karatasi. Ilianza kama barua zote za siku zile zilivyoanza: ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako. Kisha, chini ya salamu hizo, mstari ambao haukutoka kwenye barua ya mtu mwingine. Aliandika kwamba siku nilipozungumzia wasichana na masomo, yeye alisahau hoja yake, ndiyo maana walishindwa.

Nilisoma mara moja. Nikatazama vitanda vya wenzangu kuona nani anacheka chini ya blanketi. Nilikuwa na hakika wamekula njama. Nani amwandikie Mkaa? Nikaenda jikoni, wapishi walikuwa wanasonga ugali wa usiku, nikaitia kadi pamoja na barua kwenye moto wa kuni. Kijana yule sikumjibu. Alimaliza, nikamaliza, na sikumwona tena.

Wanangu, nimewaambia haya kwa sababu usiku huu nimeona mmelia Nam aliposimama pale kando ya bwawa la kuogelea, ua mkononi, akamwambia Shone, mvulana wa shule yake, kwamba amempenda miaka mitatu, akakuta Shone ameshakuwa na msichana mwingine, Pin. Mmelia kwa sababu amechelewa. Mimi nimelia kwa sababu amesema. Mimi sikuwahi hata kuchelewa.

Sasa niseme na wazazi kidogo, maana wapo wanaojiuliza shule imepatwa na nini hata ikawaonyesha watoto sinema ya mapenzi.

Naijua hofu yenu, na ina mizizi. Tumeishi miaka mingi na utaratibu ambao msichana akipata mimba shule imekwisha, mpaka serikali iliporuhusu warudi, Novemba 2021. Tunayo sheria, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inayompeleka jela miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Mimi nimefundisha karibu miaka ishirini na tano. Nimeona dawati likiwa wazi mwezi Machi, mwenye dawati anauza vitumbua stendi mwezi Agosti, na ananikwepa nikipita. Hakuna mzazi hapa anayehitaji kunieleza.

Lakini tumemwachia nini mtoto mkononi? Mimi nafundisha Kiswahili. Hadithi ya mapenzi iliyopita mikononi mwa wanafunzi wengi sana katika nchi hii ni ile tamthilia ya Edwin Semzaba, Ngoswe. Naipenda na nitaendelea kuifundisha. Ngoswe anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamwona Mazoea, anasahau kazi, anatoroka naye, na karatasi za sensa zinaishia motoni. Semzaba alikuwa akiangalia nchi, uzembe wa mtumishi wa umma, pombe, ubinafsi. Sisi walimu tukaichukua ile nusu ya pili ya jina, Penzi Kitovu cha Uzembe, tukaigeuza amri ya bwenini. Kizazi baada ya kizazi kimetoka darasani kikijua sentensi moja tu kuhusu mapenzi, na sentensi hiyo haimsaidii msichana wa miaka kumi na minne ambaye hajatoroka na mtu, hajashikwa mkono na mtu, ila amegundua tu kwamba kuna mtu mmoja akipita anashindwa kumeza mate. Huyo ampelekee nani swali lake? Akimpelekea mama, kofi. Akimpelekea mwalimu, fimbo. Dereva wa bodaboda atamsikiliza, tena kwa makini sana.

Nam na Shone, kwa miaka ile mitatu ya shule, hawakuwa wapenzi. Ndiyo filamu yote ile. Wanaangaliana, wanakosana njiani, wanasoma. Na Nam anasoma kweli, anapanda hadi juu, kwa sababu anataka kumfuata baba yake Marekani. Mzazi ambaye angemkuta mwanawe katika hali ile akakaa naye kitako, wala hahitaji ujasiri mkubwa.

Nimefika kwenye ugomvi wangu na filamu hii. Ninao, na ni mkubwa.

Imetengenezwa mwaka 2010, Nam ni Pimchanok Luevisadpaibul, Shone ni Mario Maurer, na wote wawili wanaigiza kwa ukweli unaouma. Ila angalieni Nam anavyopata thamani. Kila kidato anachopanda, ngozi inazidi kung'aa. Miwani inatoka, nywele zinarefuka. Katikati ya safari hiyo anapewa nafasi katika mchezo wa kuigiza wa shule, na nafasi yenyewe ni ya nani? Snow White. Binti ambaye ndugu wawili wa Kijerumani, Grimm, walimweka kitabuni mwaka 1812, na sifa yake ya kwanza kabla ya nyingine yoyote ni weupe, mweupe kama theluji. Wavulana wa shule wanaanza kugeuza shingo. Na ukumbi wetu, wanangu, uliacha kucheka ukaanza kupumua "aaah". Nilisikia hilo pia.

Si wao peke yao. Wazazi wenzangu, mnaikumbuka Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998, tulivyoililia. Anjali, yule Kajol, anacheza mpira wa kikapu na nywele zake fupi, na Rahul wa Shah Rukh Khan anamwona rafiki tu. Miaka inapita, anatokea na nywele ndefu na sari, na sasa ndipo macho yanamfunguka. Tulikulia kwenye hadithi hiyo. Mwenzio abadilike kwanza, ndipo apendwe.

Hadithi hiyo ikitoka kwenye skrini inaishia sokoni. Nendeni Mwanjelwa, mtaikuta kwenye kopo. Sabuni na krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na bado zinauzwa chini ya meza, na bado kuna wanaochanganya mkorogo nyumbani kwa mkono wao. Zebaki haibaki juu ya ngozi. Inapenya, inaingia mwilini, inaharibu figo. Na ngozi iliyonyang'anywa weusi wake imenyang'anywa kinga yake dhidi ya jua. Sisi tunaoishi huku, kwenye mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, tunadanganyika kwa sababu jua letu halina joto la Kyela. Kadiri unavyopanda juu ndivyo miale ile inayounguza inavyozidi makali, baridi au si baridi. Msichana wa Mbeya anayejichubua anavua koti mahali ambapo koti linahitajika zaidi. Nimekuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuja darasani Julai amejitanda mtandio usoni, akasema ni baridi. Haikuwa baridi. Sikumuuliza mbele ya wenzake. Nilikaa naye baadaye chini ya mti nyuma ya maabara, akaniambia kuna mvulana alimwambia angekuwa mweupe kidogo angemposa. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Kwa hiyo ningeweza kusimama hapa nikawaambia filamu hii ni mbaya. Siwezi, kwa sababu ya daftari.

Rudini nami kwenye daftari. Nam ameshaondoka, amelowa, amevunjika. Shone yuko peke yake, anaondoka kwenda kucheza mpira, na anafungua lile daftari lake la picha. Na ndani ni Nam. Nam, Nam, Nam. Wengi wenu mliishia kuumia kwamba kumbe naye alimpenda, na kwamba alinyamaza kwa sababu ya ahadi aliyompa rafiki yake Top. Mimi naomba mtazame zile picha ni za lini. Zimo za yule Nam wa mwanzo. Yule mliyemcheka. Mwenye miwani, kabla hajang'aa, kabla ya Snow White, kabla shule nzima haijageuza shingo. Filamu nzima imetuonyesha msichana akihangaika miaka mitatu kujibadilisha ili aonekane, na daftari linatuambia alikuwa akionekana tangu mwanzo.

Vijana mlio na simu mnapiga picha mia kwa siku, mnafuta tisini. Siku zetu mkanda ulikuwa na picha 36. Ukimaliza umemaliza, na kusafisha ni pesa. Hakuna aliyeipoteza picha kwa kitu asichokipenda. Mtu akikupiga picha siku zile alikuwa amekuhesabu.

Mwisho ule wa miaka tisa baadaye, Nam amerudi kutoka Marekani mbunifu wa mavazi, Shone anatokea mbele ya kamera za televisheni, ulinifurahisha kama ulivyowafurahisha ninyi. Lakini mimi nilibaki kwenye daftari. Kwa sababu nilijiuliza: lau Nam angepewa lile daftari mwaka wa kwanza, angeliamini? Mimi nilipewa langu. Lilikuwa karatasi moja inayonukia poda. Nikaliunguza. Macho ya yule kijana yalikuwa mazima, yalimwona msichana anayejua kujenga hoja. Macho mabovu yalikuwa yangu, yaliyofundishwa kupita kioo yameinama. Mapenzi ya mtu mwingine hayawezi kuingia kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameikimbia. Yanabisha hodi, hakuna wa kusema karibu.

Wavulana, msidhani nimewasahau. Mlicheka pia Shone alipoogopa kupiga penalti. Kumbukeni kwa nini aliogopa: baba yake aliwahi kukosa penalti, na aibu ya baba ikamwangukia mtoto. Wangapi humu mnabeba penalti ya baba? Baba anayelewa ulanzi akalala njiani na wenzenu wanaona. Baba aliyefukuzwa kazi. Baba asiyejulikana. Mnajifanya wakali, mnamwita msichana wa watu Mkaa ili asiwepo wa kuangalia upande wenu. Nam alipendwa akiwa hajui, na yule aliyempenda naye alikuwa kijana mwenye hofu. Sikuliona hilo nilipoitazama mara ya kwanza. Nimeliona usiku huu, baada ya kufikiria upya sweta lile lililochakaa viwikoni. Pengine naye alingoja jibu langu akitazama viwiko vyake.

Nawaomba kitu kimoja cha kufanya. Mnazo simu zinazopiga video nzuri kuliko kamera zilizotengeneza filamu nyingi tulizozikimbilia vibandani. Tengenezeni ya kwetu. Mandhari mnayo: stesheni ya TAZARA pale Iyunga, treni ya kwenda Kapiri Mposhi inachelewa saa sita na watu wawili wamekaa benchi moja hawajui waanzie wapi. Ukungu wa Uyole asubuhi. Jiwe la Gangilonga kule Iringa, ambalo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na msichana amepanda juu yake kusema alichoshindwa kusema chini. Mwandikieni msichana mwenye mashavu yaliyopasuka kwa baridi, anayesema "habali", na tangu mwanzo hadi mwisho msimpake kitu. Asibadilike hata unywele. Wanaobadilika wawe sisi tunaomtazama, na yeye mwenyewe anapopita karibu na kioo. Najua ni vigumu kuandika. Kumsugua msichana aking'ae ni rahisi, dakika tatu na wimbo. Nitakaa na atakayejaribu, Jumamosi yoyote, mezani kwangu.

Nimalize na hii. Siku ya mahafali yetu, 1996, alikuja mpiga picha kutoka mjini na mkanda wake. Mimi nilikuwa sipigwi picha. Wenzangu wakanivuta, nikasimama mstari wa nyuma, na alipohesabu moja, mbili, nikainama nyuma ya bega la rafiki yangu. Picha ikatoka, kwangu limeonekana jicho moja, paji la uso, na mkono ulioshika cheti. Nimekaa nayo miaka yote kwenye bahasha, sikuwahi kuiweka ukutani.

Mwezi uliopita binti yangu aliiona. Aliipiga kwa simu, akaikuza, akaitazama muda mrefu, kisha akaniita. "Mama, huyu anayejificha ni nani? Mbona mzuri hivi?"

Nimekuja nayo. Iko hapa, ndogo kama kiganja, kona moja imeliwa na panya. Naomba taa ziwashwe zote. Nitaanza kuipitisha kutoka mstari huu wa mbele, ishikeni pembeni, mpelekeane mpaka nyuma kabisa, kwa wale waliocheka. Sina haraka. Mtazameni.

Ndaga fijo, asanteni sana.